Mapambo ya Kamioneti ya Faustin

Tangazo lilikuwa limeandikwa kwa wino wa zambarau, kwenye karatasi ya daftari ya shule yenye mistari miwili-miwili, na kila herufi kubwa imevutwa mkia mrefu wa kujionyesha. Lilipigiliwa kwa misumari minne kwenye mlango wa garaji ya Papa Émile, pale Masisi, chini kidogo ya ofisi ya teritwari. Sergent Evode Ndayambaje wa polisi alilisoma mara ya kwanza amesimama. Mara ya pili aliinama. Mara ya tatu alilisoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno kama mapadri walivyomfundisha.

"INAUZWA KAMIONETI. Iko na honi ya sauti mbili. Iko na pazia ya maua kwenye vioo. Iko na taa mupya ya kuume, haijaona vumbi. Iko na saa mbele ya shofere, inatembea. Iko na turubai mupya nyuma. Iko na kiti cha ngozi ya chui ya kweli, kazi ya Muzungu. Muone Faustin, Nyabiondo, nyumba ya mabati. Mwenye kuchelewa asilie."

Chini ya gari kubwa la kubebea pareto kulikuwa na miguu miwili iliyojaa grisi. Hiyo ndiyo ilikuwa Papa Émile, makanika. Asubuhi zote watu wa Masisi walizungumza na miguu yake, wakazoea.

"Umesikia mahali ametaja mota?" miguu iliuliza.

"Hapana."

"Breki?"

"Hapana."

"Mipira ya magurudumu?"

"Hapana, Papa Émile. Ni pazia na saa."

"Basi sikia. Muntu mwenye gari nzima anakuuzia mota. Mwenye gari mugonjwa anakuuzia pazia. Kila kitu anachosifu pale kimewekwa juu ya shimo. Pazia iko juu ya kioo kilichopasuka. Turubai iko juu ya mbao zilizooza. Honi ya sauti mbili, ile ni sababu breki hazishike. Hawezi kusimama, basi anapiga kelele ili watu wakimbie."

"Na taa mupya?"

"Taa mupya inasema ya zamani ilivunjika. Taa haivunjike kwa kulala."

"Na ngozi ya chui?"

Nyundo iliyokuwa inagonga chini ya gari ilinyamaza.

"Ile sijue," Émile alisema. "Kwenye gari, hakuna shimo ambalo ngozi ya chui inaziba."

Evode alitoa kiberiti mfukoni, akakifungua. Ndani hakukuwa na njiti. Kulikuwa na kipande cha kioo, kinene, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Akapiga magoti akakisukuma chini ya gari, na mkono mweusi ukakipokea.

"Nipe jina yake, Papa."

"Umekitoa wapi?"

"Kwenye paja ya maiti."

Mkono ulikirudisha haraka kuliko ulivyokipokea. "Shika mifereji yake ya upande wa ndani," Émile alisema. "Umeona chupa yenye mifereji ndani? Ile ni taa."

Mwenye paja hilo alikuwa Michel, mwindaji wa pori la Walikale. Siku kumi na moja zilizopita alitoka kwao na shemeji yake Paul, wakipanda barabara ya Masisi kwenda kwa Mwami, mfalme wao, kwani Michel alikuwa amenasa chui, na chui akifa, ngozi yake ni ya Mwami, si ya mwingine. Njiani, chini ya Nyabiondo, kamba ya mzigo wa Paul ilikatika. Akabaki nyuma kuifunga, na Michel akaendelea mbele peke yake na ngozi yake kichwani. Watu wa soko la Nyabiondo walimwona Paul baadaye anapanda mlima, amembeba Michel mgongoni, damu imemfika magotini. Michel alikuwa amekufa. Nyonga yake ilikuwa imevunjika vipande, na ngozi ya chui haikuwepo.

Muganga wa hospitali alipotoa kioo kwenye paja, Bwana Administrateur, Mzungu mkuu wa teritwari, alikitazama mara moja akasema, "Chupa." Mambo yakaishia hapo. Shemeji wawili wamelewa, wamegombana, mmoja amempiga mwenzake kwa chupa na kwa rungu, akauza ngozi. Asubuhi ya kwanza Paul alikataa. Akapigwa viboko vinane. Ya pili na ya tatu vilevile. Asubuhi ya nne alikubali kila kitu, hata aina ya pombe. Evode ndiye aliyeandika maneno hayo, karatasi nne kwa kaboni. Ndiye pia aliyeshika kidole gumba cha Paul na kukibandika kwenye wino mara nne, kwa sababu Paul mwenyewe alikuwa hawezi kuinua mkono.

Kesho kutwa, siku ya tano ya juma, gari la wafungwa lilikuwa linashuka Bukavu. Na Bukavu, kwa neno la namna ile, mtu alinyongwa.

Evode alibandua tangazo, akalikunja mara nne, akapanda kuelekea gereza.

Joséphine-Marie alikuwa ameketi penye ukuta wa gereza kama kila siku, mguu mmoja umenyooshwa, sufuria ya sombe na bugali imefungwa kwa kitambaa mbele yake. Huyo alikuwa mke wa Michel na dada wa Paul, msiba mmoja umemwingilia kwa milango miwili. Kila siku alileta chakula, na kila siku walinzi walikula, wakamrudishia sufuria tupu na kumwambia, "Kaka yako anasema asante." Evode alijua. Hakuwahi kusema.

"Mama, niko na ulizo."

"Kwa nani? Kwa mimi?" Hakuinua uso. "Wewe ndiye ulimushika kidole kaka yangu ukakiandikisha. Sasa unataka changu? Kiko hapa. Lete wino."

"Ile ngozi. Michel alipoikausha, aliiweka wapi ndani ya nyumba?"

Hapo ndipo mama alimtazama, na uso wake ulikuwa wa kumcheka. "Ndani ya nyumba! Wewe iko muntu wa wapi?"

"Kirolirwe."

"Watu wa ng'ombe na maziwa. Basi acha nikufundishe. Chui haiingie mu nyumba ya muntu asiye Mwami. Ilikaa inje, juu ya kichanja, na mvua ilipokuja tuliifunika majani. Na hakuna wa kwetu anayeikalia. Mutoto akiikalia tunamupiga, kisha tunaita wazee."

"Hata mukristo?"

"Mukristo anasali kwanza. Kisha na yeye haikalie."

"Ukiiona utaijua?"

"Mimi nilishona shingo yake. Kisu ya Michel iliteleza wakati wa kuchuna, ikapasua. Nikashona na uzi ya raffia, mishono saba, wa mwisho umepinda sababu raffia ilikwisha." Alivuta sufuria karibu na tumbo. "Kwa nini unaniuliza leo? Siku zile zote nilikuwa hapahapa."

Evode aligeukia mlango wa gereza. Alimwita mlinzi, akamwambia afungue mlango mama aingize chakula mwenyewe, na asimame pale mpaka mfungwa amalize kula. Mlinzi alianza kuweka neno la sheria ya gereza. Evode akamtazama mdomo, uliokuwa bado unang'aa mafuta ya jana, na mlinzi akafungua.

Kesho yake asubuhi alifika Nyabiondo juu ya gari la pareto, amevaa koti lake la misa na kofia ya majani, pingu mfukoni zimefungwa ndani ya leso zisilie. Kamioneti ilikuwa mbele ya nyumba ya mabati, imeoshwa mpaka inakera macho. Faustin alikuwa anaifuta mlango kwa kitambaa. Alikuwa mtu mwembamba mwenye viatu vya rangi mbili, mzaliwa wa pori la Walikale aliyepanda kuuza chumvi na mafuta ya mawese.

"Karibu, Papa! Macho yako imefika kwanza, nimeona!" Akapiga honi, sauti ya kwanza, kisha ya pili. Kuku wa soko wakatawanyika. "Moja ya kuamsha, moja ya kuaga. Sikia saa. Weka sikio. Iko natembea?"

"Inatembea."

"Muzungu aliyeniuzia alilia. Nakuambia alilia kama mutoto. Ingia, shika pazia. Ni maua ya Ulaya, hayaoti huku."

Evode alizunguka gari pole pole. Aliinua turubai mpya. Mbao chini yake zilikuwa zimeoza. Alivuta pazia. Kioo kilikuwa kimepasuka toka kona hadi kona. Papa Émile hakuwa ameliona gari hilo hata siku moja. Kisha Evode alifika mbele, akachuchumaa. Taa ya kuume ilikuwa ya njano na mpya. Ya kushoto ilikuwa ya kale, nyeupe, na bati lililoshika taa ya kuume lilikuwa limegongwa likarudishwa kwa nyundo na mtu asiye fundi. Alitoa kiberiti. Akaweka kipande chake juu ya kioo cha taa ya kushoto. Mifereji ililingana, upana kwa upana.

"Unafanya nini pale, Papa?"

"Napima kioo. Hii ya kuume ilipatwa na nini?"

"Ee, ng'ombe." Faustin alicheka. "Ng'ombe ya kule Kirolirwe. Wale wachungaji hawachunge, wanalala tu."

"Kirolirwe mahali gani?"

"Pale kwenye malisho makubwa."

"Ya Sebarenzi?"

"Ndiye yeye! Sebarenzi! Muzee mukali. Alinitukana mpaka mama yangu."

"Mwezi gani?"

"Mwezi hii hii. Wiki mbili, haijaisha."

"Alikuwa na nguvu za kutukana," Evode alisema, "na Sebarenzi iko na miaka tatu chini ya udongo. Nilibeba sanduku."

Kitambaa cha Faustin kilisimama juu ya mlango. Kisha kikaendelea kufuta. "Basi ni mutoto wake."

"Hakuzaa mutoto mwanaume. Acha ng'ombe. Gari ni zuri, nataka kuliendesha mpaka daraja na kurudi. Nilijifunza kwenye vita, kule Abyssinie. Wewe ukae hapa kando unisikilizie mota."

Alifungua mlango wa kushoto, akakaa kwenye usukani. Chini yake palikuwa na gunia la kahawa limekunjwa mara mbili. Upande wa kuume, pale pa abiria, palikuwa na ngozi ya chui, madoa yake yanang'aa kwa mafuta. Imekatwa sawasawa na nusu ya kiti, ikapigiliwa chini kwa misumari midogo ya viatu.

"Panda, Papa Faustin."

"Nitapanda nyuma."

"Nyuma mbao zimeoza."

"Nimezoea."

"Utasikiaje mota nyuma? Panda hapa. Kiti gani hiki umekisifia nchi nzima, na wewe hukitaki?"

Wanawake waliokuwa wanapanga maharage barabarani waliacha kupanga. Mmoja aliita, "Panda, Faustin, leo unaogopa gari yako?" Wengine wakacheka. Faustin naye alicheka, meno tu. Aliweka mguu mmoja kwenye ngazi. Jasho lilianza kwenye nywele likashuka mpaka kidevuni, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi ya kuvaa mablanketi.

"Niko na kiuno kinauma," alisema. "Mimi nitasimama hapa kwenye ngazi."

"Nani alipigilia hii ngozi kwenye kiti?"

"Muzungu. Nimeandika."

"Alikuwa na shofere?"

"Hapana! Aliendesha mwenyewe, hakukubali muntu mwingine ashike."

"Basi Muzungu gani ananunua chui, anamukalisha abiria juu ya chui, na yeye mwenye mali anakaa juu ya gunia?" Evode alinyoosha mkono, akainua ukingo wa ngozi pale ulipopindwa chini ya kiti. Misumari miwili iliruka. Palikuwa na mishono ya raffia. Alihesabu bila kutoa sauti. Saba, na wa mwisho umepinda. "Aliyepigilia ngozi hii aliogopa kuikalia. Na hakuiingiza mu nyumba, kwa sababu haiingie. Akaiacha mu gari, akatafuta mugeni wa mbali, muntu asiyejua kitu, amuuzie gari na chui pamoja. Mimi ni polisi wa Masisi. Leta mukono."

Faustin aligeuka kukimbia, na kiatu kimoja cha rangi mbili kilibaki kwenye ngazi. Hakufika mbali, kwani wale wanawake wa maharage walimwangushia kikapu miguuni, si kwa kumpenda polisi, bali kwa kupenda kuona mtu anaanguka. Evode alimwinua kwa shingo, akamfunga pingu kwenye kishikio cha mlango, akamkalisha juu ya chui.

Sauti aliyotoa ilikuwa kama ya mbuzi anayeshikwa masikio.

"Nitoe hapa! Sergent, nitoe, nitakaa chini, nitakaa kwa miguu yako!"

"Masisi si mbali," Evode alisema, akawasha mota. Breki hazikushika, kama alivyoambiwa. Akapanda mlima kwa gia ya kwanza, pole pole, pole kuliko ng'ombe. Faustin alijaribu kusimama, kichwa kikagonga paa. Alijaribu kuinua makalio kwa viwiko. Kila kona ilimrudisha.

Kona ya pili alianza kusema.

"Alikuwa upande wa kuume. Nilipiga honi, alikuwa na ile kitu kichwani, hakusikia."

"Kisha?"

"Nilishuka. Nilitaka kumubeba, kwa jina ya Bikira."

"Alikuwa amekufa?"

Faustin aligeuzia uso kwenye pazia. Evode akapunguza mwendo mpaka gari likawa karibu kusimama, na chui akabaki vilevile chini ya mtu wake.

"Hapana! Hakukufa. Endesha, nasema, endesha! Alinishika muguu. Hakuuliza muganga, hakuuliza maji. Alisema, 'Kaka, ngozi iko ya Mwami, imechelewa, umupelekee.' Nikamuambia ndiyo, nitamupelekea. Akaniachilia muguu, akasema asante."

"Ukachukua."

"Nikachukua. Niliona ni mali. Kufika nyumbani, muke wangu akafunga mlango, akasema ile haiingie. Kuitupa nikaogopa. Kuizika nikaogopa zaidi."

"Na Paul? Ulisikia ameshikwa?"

"Soko lote walisikia." Faustin alifuta makamasi kwenye bega. "Nikafikiri, basi, Mungu ametafuta mwingine."

Evode hakumuuliza tena. Lakini hakuongeza mwendo. Waliingia Masisi karibu na saa sita, na mtu akiwa bado juu ya kiti, analia bila machozi.

Bwana Administrateur alisikiliza yote amesimama dirishani. Aliweka kioo chini ya lenzi yake. Alipitisha kidole juu ya mishono saba. Kisha akafungua faili, akatoa karatasi nne za Paul.

"Huyu alikubali."

"Alikubali uongo, Bwana."

"Nani aliandika uongo?"

"Mimi, Bwana."

"Kwa mwandiko mzuri," Administrateur alisema. Akachana karatasi moja, kisha nyingine, zote nne, bila haraka, akizitia kwenye kikapu. "Andika mpya, kwa jina la huyu mwingine. Na yule wa zamani umfungulie. Bila kelele, sitaki shukrani hapa mlangoni." Alipangusa mikono. "Ngozi ibaki ofisini. Inafaa ukuta ule."

"Ngozi iko ya Mwami, Bwana."

"Umemaliza, Sergent."

Evode alipiga saluti, akashuka gerezani mwenyewe na ufunguo. Joséphine-Marie alikuwa penye ukuta, na sufuria. Alimwambia maneno matatu tu, "Anatoka leo, Mama," naye akainuka haraka hata kitambaa kikaanguka kwenye matope, wakaenda pamoja, yeye mbele, mama nyuma yake amemshika koti kwa nyuma bila kujua amemshika.

Ufunguo ulizunguka. Mlango ulifunguka, na mwanga ukaingia mpaka ukuta wa mwisho.

Paul alikuwa amekaa pembeni. Alipoona viatu vya sergent hakutazama juu. Alifungua kamba ya kaptula kwa vidole vilivyovimba, akaishusha, akalala kifudifudi katikati ya chumba, akanyoosha mikono mbele na kukunja ngumi, kila kitu kwa mpangilio, kama mtu anayejua kazi yake.

"Kaka," Joséphine-Marie aliita. "Kaka, inuka, ni mimi."

Hakusikia, au alikuwa amekwisha kusikia sauti nyingi humo siku zile. Aliweka shavu kwenye udongo, upande wa ukuta.

"Leo iko viboko ngapi, Sergent?" aliuliza.